Vitunguu Katika Kikapu cha Kimea

Neno lenyewe nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari chini: TAKATAKA. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwalimu wa hasira za karibu akishapiga mstari chini ya neno, hapendi kuulizwa.

Juu ya neno hilo nilikuwa nimechora kromosomu iliyokwisha kujinakili, yaani mistari miwili minene inayofanana, imebanana sehemu moja kama watu wawili waliofungwa mshipi mmoja. Vitabu hupaita pale sentromia. Darasani kwangu tulipaita kiuno, na ninaona jina letu ni zuri zaidi. Seli inapojigawa, kamba nyembamba hutoka pande mbili, zikashika kila kromosomu kiunoni, kwenye protini maalumu zilizokaa pale, zikavuta, mmoja huku na mwenzake kule, ili kila seli changa ipate fungu lake sawasawa. Kiuno kikikosea, seli moja hupata pungufu na nyingine ziada, na hapo huanza matatizo.

Hadi hapo nilikuwa nafundisha vizuri. Nikaendelea kueleza kwamba DNA ni maandishi ya herufi nne tu, na sehemu zake nyingine ni maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini kiunoni, kwa binadamu na kwa viumbe wengi, hukuti maelekezo. Unakuta kifungu kimoja kifupi, kwa binadamu herufi mia moja na sabini na kitu, kimeandikwa, kikaandikwa tena, na tena, maelfu ya mara, kimoja nyuma ya kingine. Wataalamu waliiita DNA ya satelaiti, kwa sababu walipoizungusha kwa kasi kwenye mashine ili ijipange kwa uzito, hii yenye marudio ilijitenga na kukaa peke yake pembeni ya fungu kubwa. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ina undugu na lile dishi jipya lililosimikwa juu ya baa ya karibu na stendi. Tukacheka wote.

Kisha wakauliza inafanya kazi gani, nami nikaandika neno langu ubaoni. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni na mtu mwenye suti.

Msichana wa dawati la mwisho akasimama. Alikuwa mrefu, mtoto wa wafugaji Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa, upande wa Kaoze, na alikuwa na tabia ya kukunja uso kabla hajasema.

"Mwalimu," akasema, "kama ni takataka, mbona imewekwa mahali pa kushikia?"

Mtu asiye na jibu ana njia mbili, na mimi nilichukua ile mbaya. "Umetumwa kuja kunifundisha?" nikamwambia. Akakaa. Kuuliza si ujinga, sisi walimu husema hivyo siku ya kwanza ya muhula, halafu tunasahau.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba sokoni, bidhaa za Zambia zikipita Kasesya mchana kweupe, mabasi ya watu binafsi yakigombea abiria, na shule zisizo za serikali zikichipua Sumbawanga kama uyoga. Yetu ilikuwa mojawapo, shule ya wasichana iliyoongozwa na mtawa mmoja mwenye sauti ndogo na maamuzi makubwa. Alikuwa ameanzisha kidato cha tano cha sayansi kwa kibali cha muda. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, hadubini moja ya kioo, na mwalimu wa biolojia mmoja, ambaye ndiye mimi, niliyerudi kwetu kutoka chuo nikiwa najiona nimeiva.

Mwezi wa saba mkaguzi alitarajiwa. Angeridhika kwamba wanafunzi wanaweza kufanya vitendo, kibali kingekuwa cha kudumu. Asiporidhika, darasa lingevunjwa na wasichana wangetafutiwa nafasi mikoa mingine. Kwa wengi wao ilikuwa usumbufu tu. Kwa yule wa dawati la mwisho ulikuwa mwisho wa masomo, na baba yake alikuwa amelisema hilo waziwazi ofisini, kofia mkononi.

"Mimi mtoto wangu nampeleka ninakofika kwa baiskeli," alisema. "Si zaidi."

Hakuwa mtu mkaidi. Kaka yake yule msichana alisoma mbali, huko kunakofikwa kwa kupita Laela na Tunduma na kulala njiani, akaugua, na baba alipofika alikuta mtoto ameshapona, amekonda, na hakumbuki nani alimpa hata uji. Tangu siku hiyo kipimo chake kikawa baiskeli. Kwetu alikuwa akifika kwa siku moja, akiisukuma kwa mguu kupanda ukuta wote wa bonde, na alikuwa anajivunia hilo. Kwa hiyo lile darasa likivunjwa, binti angerudi Kaoze, na mimi nilijua hivyo kila nilipomwona amekunja uso.

Mtawa akaniita. "Mwalimu, utamwonyesha nini mkaguzi?"

Nikasema, kwa kiburi changu, kwamba wanafunzi watamwonyesha kromosomu zinaachana. Akanitazama, akasema atasali.

Kazi yenyewe si ngumu ukiisoma. Unaotesha mizizi ya kitunguu juu ya maji, unakata ncha, unailainisha kwa asidi, unaitia rangi, unaiponda kwa kidole gumba kati ya vioo viwili, unatazama. Asidi tulikuwa nayo chupa moja. Rangi ya vitabuni hatukuwa nayo, tukatumia jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, ambayo mganga wa zahanati alinipa baada ya kuniuliza mara tatu kama kweli si ya mtoto. Tukaipunguza kwa siki iliyoletwa kutoka Kasesya. Kwa wiki mbili vidole vya sisi watu kumi na wawili, mimi na wasichana, vilikuwa zambarau hata kanisani.

Ila vitunguu viligoma. Kipupwe cha Ufipa hakina huruma. Asubuhi maji kwenye birika yanauma meno. Vitunguu vilikaa dirishani pa maabara siku nane bila kutoa hata unywele. Vilipotoa, nilikata ncha kabla ya mistari ya asubuhi ili kujionyesha hodari, tukaponda, tukatazama, na seli zote zilikuwa zimelala. Mizizi nayo, ukiifikiria, ina saa zake za kazi, na saa kumi na mbili na nusu si mojawapo. Yule msichana ndiye aliyependekeza tukate saa nne. Nilikubali kwa kununa.

Nilikuwa naishi kwa mama, nyumba ya tatu kutoka uzio wa shule. Mama alikuwa mjane, mkatoliki wa misa ya kwanza, na mpikaji wa pombe ya ulezi ambayo hata wanakwaya walikuwa wanaijua. Anayepika pombe lazima atengeneze kimea, na anayetengeneza kimea anajua kuotesha kitu kwenye baridi kuliko profesa yeyote. Anauloweka ulezi, anaumwaga kwenye kikapu kikubwa, anaufunika kwa gunia bichi, anakiweka kikapu nyuma ya jiko, na baada ya siku chache ulezi umeota mizizi umeshikana kama mkeka.

"Leta hivyo vitunguu vyako," aliniambia siku moja baada ya kunisikiliza nikilalamika. "Vinaona baridi. Hata wewe ungewekwa dirishani usingeota."

Nikamletea kumi na vitano. Akavipanga juu ya ulezi, matako chini, akavifunika. Nikamwambia mizizi ikifika urefu wa punje mbili za mchele aniambie. Akasema sawa, na akarudi kwenye kazi zake.

Jumamosi moja kabla ya ukaguzi mama alikuwa na kazi ya kupura ulezi. Wasichana wangu waliomba ruhusa wakaja kusaidia, kwa ahadi ya togwa. Kupura kwetu ni mistari miwili inayotazamana uwanjani, kila mtu na fimbo yake, mstari huu ukipiga ule unanyanyua. Mmoja anaimba maneno, wote wanapokea kwa kiitikio, na kile kiitikio si maneno hata kidogo: *hoo-heya, hoo-heya*, basi. Mwimbishaji wa siku zote, jirani yetu, alikuwa amekaukwa na sauti kwa mafua. Nikajitolea.

Niseme ukweli, nilikuwa mzuri. Nilimtungia beti mtawa, nikamtungia mganga wa jivii, nikajitungia mwenyewe na vidole vyangu. Watu wakacheka, nami kicheko kikanipanda kichwani. Nikaona kile *hoo-heya* kinanipotezea muda. Nikakiruka, nikaunganisha ubeti na ubeti, kisha ubeti mwingine. Hapo hapo mistari ikavurugika. Fimbo ya jirani ikatua juu ya yangu, yangu ikanitoka, ikaruka na kuingia kwenye chungu cha togwa.

Kila mtu alisimama. Mama akashusha fimbo yake.

"Umekula kiitikio," akasema.

"Mama, kiitikio hakina maneno."

"Ndiyo maana yake. Maneno yanasikilizwa na kichwa. Kiitikio kinasikilizwa na mikono. Pale ndipo tunaposhikania, halafu ndiyo tunaachana kila mtu na upande wake. Ukikitoa, utatuua hapa."

Yule msichana wa Kaoze alikuwa mstari wa pili, mavumbi hadi kwenye kope. "Kwetu tuna kingine," akasema, "sauti tofauti kabisa na hii. Ila kinakaa palepale, na kazi yake ni ileile." Akanigeukia, akakunja uso.

Nilielewa papo hapo. Kifungu kisichosema kitu, kinachorudiwa na kurudiwa, kimekaa mahali pa kushikia. Nilielewa hadi masikio yakaniwaka moto, kisha nikajifanya nina kazi ya kuopoa fimbo kutoka kwenye togwa.

Jumatatu nilikuwa na kipindi nao. Ingenichukua dakika moja kusema nilikosea. Badala yake nilifundisha majani. Jumanne nikafundisha majani tena. Mtu aliyepiga mstari chini ya neno lake huona aibu kulifuta, na mimi aibu ile niliilea wiki nzima.

Siku moja kabla ya mkaguzi shule nzima iliingiwa na wazimu wa usafi. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukapaka mengine ambayo hayakuwa njiani, tukaosha hadubini isiyotakiwa kuoshwa. Sikukanyaga nyumbani kutwa. Nilimwamini mama na kikapu chake.

Asubuhi ya ukaguzi, saa mbili, nikakimbia kwenda kuchukua vitunguu. Nilivikuta uani. Vilikuwa juu ya mkeka, vimepangwa vizuri kwenye jua pamoja na ulezi, na mizizi yake imesinyaa kama nyuzi za sweta kuukuu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeanika. Vilifika urefu uliosema, tangu jana mchana."

"Nani alikuambia uanike?"

Akanishangaa kwa dhati. "Kimea kikitoa mizizi kinaanikwa, mwanangu. Ukikiacha kinazidi, kinaharibika. Wewe umekulia nyumba gani?"

Na kweli. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akiacha kitu kilichoota bila kukianika. Kosa lilikuwa langu kwa kutomweleza, lakini hasira zangu haziulizi kosa ni la nani. Nilisema maneno. Nilisema kwamba si kila kitu duniani ni pombe. Nilisema mtoto wa watu anarudishwa Kaoze kwa sababu ya mkeka wake. Hili la mwisho lilimgusa, nikaona, kwa sababu yule msichana alikuwa anampenda. Alikuwa akimbebea maji Jumamosi bila kuombwa.

Mama akafuta mikono kwenye khanga. "Kaangalie chini ya gunia," akasema.

"Chini ya gunia kuna nini? Umeshaanika."

"Mimi kikapu sikiachi kitupu. Sijawahi. Kuna konzi huwa naiacha chini, ili kikapu kisisahau kazi. Bibi yako alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo. Nenda."

Nyuma ya jiko, chini ya gunia bichi, palikuwa na konzi ya ulezi ulioota, na juu yake vitunguu vitatu, vimelowa, vina joto, na mizizi yake myeupe imenyooka. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi nilikuwa nimetoka kumtukana mkunga dakika hiyohiyo. Sikumwambia hata asante. Nilivifunga kwenye kitambaa kilicholowana nikakimbia.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta ndani ya koti, amechoka na barabara. Alipitia madaftari ya mahudhurio, akasifu mawe, na ilipogonga saa nne na nusu akaingia maabara. Wasichana walikuwa tayari wamekata ncha, wamelainisha, wametia jivii. Kuponda tulimwachia yule wa Kaoze, kwa sababu gumba lake lilikuwa na utulivu kuliko letu sote. Aliponda, akaweka kioo, akazungusha, akakunja uso, kisha akasogea pembeni.

"Karibu mzee."

Mkaguzi aliinama. Alikaa vile muda mrefu hadi mtawa aliyekuwa mlangoni akaanza kugusa rozari yake. "Naam," akasema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Zipo. Naona hata zinazovutwa. Zinatanguliza kiuno, mikono inafuata nyuma." Akanyooka, akamtazama msichana. "Sasa niambie. Tuseme ni ya binadamu. Hapo kiunoni, ndani ya DNA yake, kuna nini?"

"Kuna kifungu kifupi kinachorudiwa mara nyingi sana, mzee."

"Kinafanya kazi gani?"

Yule mtoto alinigeukia, si kwa ubishi, ila kwa adabu kabisa, kama anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

"Mwalimu," akasema, "nijibu la darasani au la uwanjani?"

Mkaguzi akanitazama. Mtawa akanitazama. Nilijua kwamba nikisema la darasani heshima yangu itapona na jibu litakuwa ni takataka. Nilijua pia kwamba nikisema la uwanjani mkaguzi ataniuliza kwa nini wanafunzi wangu wana majibu mawili. Nilimwonea wivu jirani yetu mwenye mafua na sauti iliyokauka.

"La uwanjani," nikasema. "La darasani nililikosea mimi."

Akajibu. Alieleza mistari miwili na fimbo. Alisema maneno ya wimbo ni kama yale maelekezo ya protini, yanabadilika na yana maana, na kiitikio hakina maana, lakini mikono yote inakishika, na pasipo hicho watu hawawezi kuachana vizuri. Akasema protini maalumu zinakaa juu ya yale marudio, na kamba zinashika hizo protini. Akamalizia kwamba Wafipa wana kiitikio chao na Wasukuma chao, kama vile viumbe tofauti wana vifungu tofauti kiunoni, lakini vinakaa palepale na kazi ni ileile.

Kalamu ya mkaguzi iligonga meza polepole, mbili, mbili. "Mimi nilifundishwa kwamba haina kazi," akasema.

"Hata mimi," nikasema.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Mama yake mwalimu," akajibu msichana mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. "Anapika pombe."

Mtawa alikohoa. Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. Kabla hajapanda gari alimwambia mtawa mbele yangu kwamba kibali ataandika cha kudumu, na kwamba tununue rangi ya kweli, maana jivii inachafua lenzi. Mwezi uliofuata baba yake msichana alifika na baiskeli yake, jogoo amefungwa nyuma kwa ajili ya mama yangu. Akaomba naye atazame kwenye hadubini. "Zinagawana sawa?" akaniuliza, jicho kwenye kioo. Nikamwambia sawa kabisa. Akasema yeye hajawahi kugawa ng'ombe watoto wake wakakubali kwamba ni sawa.

Tangu hapo nimesoma mengi zaidi. Kitunguu, kwa mfano, ni mkaidi: marudio yake makubwa yamekaa kwenye ncha za kromosomu, si kiunoni, na wataalamu wamegundua pia viuno vichache vinavyofanya kazi bila kiitikio chochote. Kwa hiyo wimbo wetu haukuwa jibu lote. Mama, nilipomweleza, alisema hata kupura kuna watu wanaoweza kupura kimya, ila yeye hawezi. Asante yangu nilimpa jioni ya siku ileile ya mkaguzi. Aliniuliza kwanza vile vitunguu kumi na viwili vilivyokauka tuvifanyeje, tukavipikia maharage.

Lakini asubuhi ya kesho yake ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Niliingia darasani nikawaambia wafungue ukurasa ule wa mwezi wa sita, walifute neno takataka, na waandike nitakayowasomea. Vifutio vikaanza kazi. Nikapita katikati ya madawati kukagua, hadi la mwisho. Yeye alikuwa amekaa tu, kalamu mkononi, hafuti kitu. Nikainama kutazama daftari lake. Mchoro ulikuwapo, kiuno kilikuwapo, maelezo yote yalikuwapo kwa mwandiko wake mdogo. Neno langu hakuwa ameliandika. Mahali pake alikuwa ameacha mstari mmoja mtupu, ananisubiri.